Jumatatu za Mama Vipimo

Kupima ung'avu wa maji ya ziwa si kazi ya kutisha. Unachukua kisahani cha chuma, kipana kama sinia dogo, kilichopakwa rangi kwa robo: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Kimefungwa kwenye kamba yenye alama ya fundo kila robo mita. Unakaa upande wa mashua wenye kivuli, unakishusha polepole, unakitazama kinavyozama. Kikipotea machoni, unasoma kamba. Unakivuta kidogo, kikionekana tena, unasoma kamba mara ya pili. Unachukua katikati ya hizo mbili, unaandika daftarini, basi, umemaliza. Ziwa safi hukuonyesha kisahani mpaka mita tisa au kumi. Ziwa chafu hukimeza kwenye mita mbili. Wasomi wanakipenda sana hicho kisahani kwa sababu hakina betri, hakiharibiki na hakidanganyi. Ndivyo wanavyosema wao. Wasomi nao husema mengi.

Mama Vipimo aliifanya kazi hiyo kila Jumatatu kwa miaka ishirini na minne. Mwanzo aliajiriwa kufagia kituo cha utafiti kilicho kando ya ziwa, juu mlimani, pale ambapo miti imeshasalimu amri na yamebaki majani mafupi, mawe na baridi ya kupenya mifupa. Mtafiti wa kwanza wa kituo hicho, mzee mkali ambaye hata ukimtekenya hacheki, alimwona anavyopanga chupa kwa mstari bila kuagizwa, akasema huyu anafaa. Akamfundisha kisahani, akampa na sharti: mtu mwingine yeyote asikiguse. Macho ya watu hayalingani, alisema, na ukibadilisha macho umebadilisha kipimo. Mzee akastaafu, akafariki, wakaja watafiti wengine wakaenda, na sharti likabaki palepale. Jumatatu ya mvua, Jumatatu ya ukungu, hata Jumatatu baada ya kumzika mumewe, Mama Vipimo alikuwa mashuani na kamba mkononi. Madaftari yalifika ishirini na manne, na katika yote hayo zilikosekana Jumatatu tatu tu, alipolazwa kwa nimonia. Hizo tatu zilimuuma kuliko nimonia yenyewe.

Mwanawe wa pekee alikulia hapohapo kituoni, akichezea chupa tupu na kujifunza kuhesabu kwa alama za kamba. Watu walimwita Msomi tangu akiwa na miaka sita, kwa utani, kwa sababu alipenda kutembea na kalamu sikioni kama watafiti. Utani ukageuka kweli. Alipoingia shahada ya uzamivu, hakuhangaika kutafuta mada. Mada ilikuwa kwenye rafu ya mama yake.

Tasnifu yake, ukiivua maneno makubwa, ilisema jambo moja: ziwa la mlimani linachafuka. Kwa miaka kumi na mitatu ya mwanzo kisahani kilipotea kwenye mita tisa na nusu, kikizidi kidogo au kupungua kidogo. Halafu mstari ukaanza kushuka. Tisa, nane na nusu, saba, sita. Mwaka huu, mita tano na robo. Lo, ulikuwa mstari mzuri! Msomi aliuchora kwa rangi ya buluu, akauchapisha kwa ukubwa wa kujaa ukuta, akaubandika juu ya meza yake chuoni. Kwenye makongamano watu waliupiga picha. Na katika sura ya mbinu aliandika, kwa majivuno, kwamba nguvu ya utafiti huu ni kwamba vipimo vyote vimechukuliwa na macho yaleyale. Sentensi hiyo aliipenda kiasi cha kuisoma kwa sauti akiwa peke yake.

Kulikuwa na doa moja. Ziwa linachafuliwa na nini? Kule juu hakuna shamba, hakuna kiwanda, hakuna hata mbuzi. Ukichuja lita moja ya maji machafu, karatasi ya kuchujia hubaki na rangi: kijani kama ni mwani, kahawia kama ni udongo. Karatasi za Msomi zilitoka nyeupe miaka miwili mfululizo. Badala ya kujiuliza, akaandika sura nzima kueleza kwamba uchafu huo ni wa chembe ndogo mno zinazopenya karatasi. Kurasa arobaini, jamani! Na kila ukurasa una marejeo.

Msimamizi wake, profesa mwanamke aliyekuwa na tabia ya kutafuna kofia ya kalamu mpaka ikachakaa kama mswaki, hakuridhika na hizo chembe.

"Umebakiwa na wiki nne," alimwambia. "Umeshaongezewa muda mara mbili. Ukikosa tarehe hii, baraza linafuta usajili wako, na mimi sitakuwa na la kusema. Nipe kipimo kimoja cha kuonyesha hizo chembe zako, nitakutetea mbele ya watahini. Usiponipa, hiyo sura ya nne itakuzika."

Basi Msomi akapeleka maabara chupa kumi na mbili kutoka ziwani, zipitishwe kwenye mashine mpya inayopiga mwanga ndani ya maji na kugundua hata kile ambacho karatasi haikishiki. Fundi wa maabara alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye mzaha usiokwisha. Aliangalia majibu, akaangalia chupa, akamwangalia Msomi.

"Kijana wangu, niambie ukweli, sitakusema kwa mtu. Hizi chupa umezijaza bombani?"

"Za ziwani, fundi. Nimezijaza kwa mkono wangu."

"Basi nihamishie huko. Maji haya ni safi kuliko ninayooshea vyombo vyangu. Kwa majibu haya, hicho kisahani chako kinatakiwa kuonekana mita tisa, au kumi kabisa. Wewe unasema ngapi?"

"Tano na robo."

"Kapima nani?"

"Mama."

Fundi akaziweka karatasi za majibu mezani. Kisha akauliza taratibu, bila mzaha wowote, "Na wewe mwenyewe umewahi kukitazama?"

Hakuwahi. Usishangae, ndiyo kazi yao ilivyo. Sharti ni macho yaleyale, kwa hiyo mwingine yeyote mashuani hana ruhusa hata ya kuchungulia, asije akamshawishi mpimaji. Tena mashua ya kituo ilikuwa ndogo, ya bati, inayotaka uzito pande zote mbili. Mama Vipimo alikaa upande wa kivuli na kamba yake. Msomi alikaa upande wa jua akijaza chupa, akimpa mgongo. Miaka miwili walipanda mashua pamoja namna hiyo, wakipiga soga kwa migongo, na kila mama alipotaja namba, mwana aliandika kwenye karatasi zake, na mama daftarini mwake.

Jumatatu iliyofuata alikuwa amepanda mlimani. Asubuhi ilikuwa kavu, jua limetoka, ziwa limetulia. Mama Vipimo alitangulia kwenye gati la mbao, mkono mmoja juu ya kamba ya ukingo, akaingia mashuani na kukaa mahali pake. Msomi akaingia, akasimama katikati.

"Leo nakaa upande wako, Mama."

"Utatuzamisha."

"Nitakaa kidogo tu."

"Huko chuoni wanawafundisha nini siku hizi? Haya njoo. Lakini ukinimwagia hayo maji ya barafu nitakutandika, na ndevu zako hizo."

Akasogea. Mashua ikainama, mama akaguna, akaanza kushusha. Msomi aliinama begani kwake na kutazama. Kisahani kilishuka, mita moja, mbili, tatu. Robo nyeupe zilikuwa wazi kabisa. Mita nne. Mita tano.

"Kinakwenda," Mama Vipimo alisema. Alikuwa amekunja uso, shingo ameinyoosha. "Kinakwenda... kimekwenda. Andika tano na robo."

Kisahani kilikuwa palepale. Kiling'aa kule chini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Msomi aliweza hata kuona mkwaruzo kwenye rangi nyeusi.

"Kishushe tena kidogo, Mama."

"Cha nini? Nimekwambia kimepotea."

"Nakuomba. Kishushe tu."

Akakishusha. Sita, saba, nane. Kwenye mita tisa na nusu robo nyeupe zikafifia, zikawa kivuli, zikaisha. Mama Vipimo alikuwa amegeuza uso wake wote kumtazama mwanawe, maana siku hizi hakuwa mtu wa kutupa jicho pembeni. Akitaka kukuona aligeuza kichwa kizima.

"Umekiona mpaka wapi?" aliuliza.

"Hapohapo, Mama," Msomi alijibu. "Tano na robo." Akaandika.

Siku hiyo alikaa jikoni kwa mama yake na kumtazama kama mgeni anavyotazama nyumba ya watu. Alimwona anapita mlangoni huku vidole vikigusa fremu. Alimwona anamimina chai: kidole cha shahada kimetiwa ndani ya ukingo wa kikombe, na chai ilipokigusa akaacha kumimina. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Aliyafungua madaftari, akaona tarakimu zilivyokuwa ndogo na nadhifu mwaka wa kumi, zikanenepa mwaka wa kumi na sita, na mwaka huu zimekuwa kubwa za kujaza mistari miwili. Tarakimu hizo zote alikuwa amezichapa kwenye kompyuta yeye mwenyewe, moja moja, wala hazikumwambia kitu. Akatoka, akasimama nyuma ya nyumba kwenye upepo, akalia kwa sauti.

Sasa nitasema jambo ambalo halimpendezeshi, lakini sitamficha. Alipomaliza kulia, Msomi alianza kupiga hesabu ya siku. Akimpeleka mama kwa daktari wa macho kesho, tasnifu imekufa kesho. Akingoja wiki tatu, atawasilisha, atatetewa, atavaa joho. Halafu atampeleka mama kwa daktari bora kuliko wote. Miaka kumi na moja imeshapita, wiki tatu zitaongeza nini? Ndiyo, aliwaza hivyo, mtoto wa mtu, na akalala na wazo hilo siku mbili kitanda kimoja. Siku ya tatu mama yake alimletea soksi alizomfulia, kila moja na mwenzake asiye wake, ya kijivu na ya buluu, akamwambia, "Nimekupangia vizuri, baba." Msomi akazivaa hivyohivyo. Akasema, "Mama, chukua koti. Tunashuka mjini."

Daktari wa macho alikuwa kijana wa rika la Msomi, mpole, mwenye mikono baridi. Alimkalisha Mama Vipimo mbele ya mashine moja, akamhamishia nyingine, akamwambia abonyeze kitufe kila akiona kitone cha mwanga. Vitone vilipita. Mama Vipimo alikaa na kidole juu ya kitufe akivingoja. Msomi, aliyesimama nyuma, aliviona vyote.

"Ni mtoto wa jicho?" Mama Vipimo aliuliza. "Maana huyo nasikia anatolewa."

"Hapana, Mama. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haibishi hodi. Inakula kidogo kidogo, mpaka mtu anazoea kutokuona. Nitakupa matone, utaweka kila siku bila kukosa, na yatalinda hiki kilichobaki."

"Na kilichokwenda?"

"Kilichokwenda hakirudi, Mama. Pole sana." Akageukia karatasi zake. "Mngekuja miaka saba nyuma hivi, tungeokoa sehemu kubwa. Ila shida ya ugonjwa huu ni kwamba hakuna mgonjwa anayeweza kuniambia ulianza lini."

Msomi akafungua mkoba. Akatoa grafu yake na kuitandaza juu ya meza ya daktari, mstari wa buluu ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia. Akaeleza: kisahani, kamba, kila Jumatatu. Daktari akasikiliza, na macho yakamtoka pima.

"Kila wiki? Miaka yote hii?" Aliinamia ile karatasi kwa muda mrefu. "Sijawahi kuona mgonjwa mwenye rekodi kama hii. Ulianzia hapa." Akaweka kidole pale mstari ulipoanza kuinama. "Na hapa ndipo ulipoanza kukimbia."

Msomi aliutazama mstari wake. Aliupaka rangi, akaubandika ukutani, akausimamia mbele ya kumbi zilizojaa watu na kuueleza kwa fimbo. Kumbe ulikuwa mama yake anapofuka, Jumatatu moja baada ya nyingine, na yeye miaka yote alikuwa akiuita mzuri. Aliona haya, haya ya kutaka ardhi ipasuke.

Walikaa kwenye benchi la korido wakingoja dawa. Hapo ndipo alipomweleza mama yake yote, kuhusu karatasi nyeupe, mashine ya fundi, mita tisa na nusu, na uongo aliomwambia mashuani. Mama Vipimo alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mwanawe alipomaliza, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo ziwa ni zima?"

"Ni zima, Mama. Liko kama siku ya kwanza."

Mama Vipimo akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akachungulia kujua kuna nini. "Miaka kumi na moja nalililia ziwa la watu," alisema. "Nilikuwa nafikiri tumelikosea nini. Kumbe zima!" Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kisha akakumbuka, akageuza kichwa chote. "Na shule yako?"

"Itajulikana," Msomi alijibu.

Profesa alisikia habari yote bila kutafuna kalamu. Akasimama, akafunga mlango.

"Nisikilize vizuri. Kuna njia ya kutokea. Tupa hiyo miaka kumi na moja. Andika ile kumi na mitatu ya mwanzo, sema vipimo vya baadaye havikukidhi viwango, sentensi moja tu. Mama yako hatajwi, wewe unahitimu, hakuna atakayeuliza."

"Na watafiti wengine walioutumia ule mstari? Kuna watu wanapanga kumwaga dawa ziwani, Profesa, kutibu uchafu usiokuwepo."

"Najua." Profesa alikaa tena, akaonekana amezeeka. "Basi andika yote. Kosa lilivyoingia, lilivyopita mikononi mwako, mwangu, kwenye majarida yote, wala asiwepo aliyenyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Itakuwa tasnifu nyingine kabisa, na una siku kumi na saba. Nitakwenda kukuombea barazani, lakini sikuahidi kitu. Na huwezi kuandika habari za macho ya mtu bila ridhaa yake. Akusainie."

Msomi alibandua mstari ukutani na kuandika. Aliandika kwa siku kumi na nne, haraka na bila manjonjo, kwa sababu ukweli haukuhitaji kurasa arobaini. Siku ya kumi na tano alipanda mlimani na sura mpya mkobani na fomu ya ridhaa juu yake. Ilikuwa mchana. Mama Vipimo alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha, chupa ya matone mbele yake, kichwa amekilaza nyuma akihesabu dakika kama daktari alivyomwagiza.

"Kalamu hii hapa, Mama. Unasaini chini, mimi nitakushikia mahali."

"Nisaini nini? Sijakisikia. Soma kwanza."

Akasoma. Mama alisikiliza kwa makini, akimsahihisha pale alipokosea urefu wa kamba, akiguna kwa kuridhika alipotajwa yule mzee mkali. Msomi akafika mahali alipopaandika kwa huruma kubwa, akapunguza sauti: "'Mpimaji hakuwa na dalili yoyote aliyoitambua, na hakuwahi kuushuku uwezo wake wa kuona.'"

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hapo si kweli," Mama Vipimo alisema. "Mpimaji alishuku."

"Mama?"

"Wewe umesahau, eeh? Ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni, umekuja likizo. Wale madaktari wa macho walikuwa wamekuja zahanati ya huko chini kwa wiki moja. Nikakwambia, baba, siku hizi naona kama moshi, kesho asubuhi nashuka nikapimwe. Viatu nilikuwa nimeshavisafisha. Ukacheka. Ukanikalisha hapa hapa, ukatoa karatasi, mlikuwa mmeagizwa mchore mistari, na wewe ulikuwa umechora madaftari yangu. Ukasema, 'Mama, macho yako ni mazima. Ziwa ndilo linalochafuka, ushahidi huu hapa.' Nikafurahi, mwanangu. Nani hapendi kuambiwa macho yake ni mazima? Na anayekwambia ni msomi? Sikushuka."

Msomi alikumbuka. Miaka saba ilimrudia kwa mara moja, na lililokuwa baya zaidi ni kwamba alichokikumbuka vizuri ni ile karatasi, rangi zake na kichwa chake cha habari. Uso wa mama yake siku hiyo hakuukumbuka hata kidogo. Alikuwa amechukua namba zilizotoka kwenye macho yake, akazitumia kumhakikishia kwamba macho hayana kasoro. Akateremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa mapajani kwake.

"Nisamehe, Mama. Nisamehe. Nimekuponza."

Mkono wa mama ukatua kichwani pake, ukakaa. "Nimeshakusamehe kitambo, kabla hujaomba. Nilikusamehe pale hospitali, daktari aliposema miaka saba. Inuka, sakafu ina baridi." Akangoja mpaka aliposikia kiti kinalia. "Lakini hiyo sisaini. Andika ilivyokuwa."

Msomi akafuta sentensi. Akaandika nyingine juu yake, akaisoma: "'Mwaka wa kumi na saba mpimaji aliyashuku macho yake, akataka kwenda kupimwa, lakini akaambiwa tatizo ni ziwa.'"

"Akaambiwa na nani?"

Kalamu ikasita. "'Akaambiwa na mtafiti.'"

"Mtafiti yupi? Hapa wamepita wengi, wengine wamekufa. Usiwasingizie watu."

Nje upepo ulikuwa unagonga bati. Msomi akaandika, na alipomaliza akasoma bila kungoja kuagizwa: "'Akaambiwa na mwanawe, ambaye ndiye mwandishi wa tasnifu hii.'" Sauti ilimkatika katikati. Mama Vipimo akamwambia aanze tena, na akaanza tena, akaisoma mpaka mwisho.

"Sasa nionyeshe mahali," alisema.

Msomi akaushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya mstari, naye akasaini.